Nashmi Mlaza Vidude

Duka la Nashmi bin Jaza limepakana na langu katika soko la kozi, ndege wa kuwindia, mjini Jahra, na ukuta kati yetu ni mwembamba hivi kwamba akipiga chafya mimi namwombea rehema bila kuinuka kitini. Mimi nauza glavu, nyugwe, na kofia za ngozi za kuwafunika kozi macho. Yeye anauza usingizi. Maneno hayo ni yangu, na yeye hayapendi, lakini sijapata namna bora ya kuieleza kazi yake.

Siku hizi kozi wa thamani harushwi bila kidude mgongoni. Ni kompyuta kamili, ndogo kama kokwa ya tende, yenye antena nyembamba kama unywele. Inasikiliza satelaiti mpaka ijue iko wapi, kisha inautafuta mnara wa simu na kumpelekea mwenye ndege habari. Shida yake ni uzito. Kozi aliyebebeshwa mzigo hawindi, kwa hiyo betri inayotiwa humo ni kama ukucha, na kibamba cha kuvuta umeme wa jua kilichobandikwa juu yake hufunikwa na manyoya nusu ya siku. Watu wananunua kidude, wanakifunga kwa furaha, na baada ya siku chache kimezimika. Hapo ndipo wanapomkumbuka Nashmi.

Yeye haongezi betri. Anakiunganisha kidude na kompyuta ya mezani, anaifuta programu kiliyokuja nayo na kukiandikia yake, na programu yake kazi yake kubwa ni kukifundisha kulala. Humo ndani kila kitu kinazimwa, inabaki saa ndogo tu inayohesabu. Saa ikitimu kidude kinaamka, kinasikiliza satelaiti, kinatuma neno lake, kinatazama kama kuna amri mpya, kinalala tena. Ndege akiwa ametulia juu ya kigingi, kinalala zaidi. Akianza kupiga mbawa, kinalala kidogo.

Wateja hawaridhiki, bila shaka. Siku moja nilimsikia mmoja akifoka kule upande wa pili wa ukuta.

"Nashmi, huyu ndege kwenye simu yangu yuko pale pale tangu adhuhuri!"

"Na kwenye kigingi yuko wapi?"

"Yuko pale pale."

"Basi unataka akudanganye?"

Mteja alipoondoka nilikwenda kumcheka. Nashmi hakucheka. Alikuwa ameinama juu ya taa yake, na chuma cha kuyeyushia risasi mkononi.

"Kusikiliza satelaiti kunakula betri," aliniambia. "Kutuma kunakula pia. Lakini kinachokimaliza hasa si hivyo."

"Ni nini?"

"Kukaa macho kungojea kuulizwa. Kinabakisha sikio wazi mchana kutwa, labda bwana mkubwa ataita. Hicho ndicho kinachokiua."

Haya aliyajua tangu ujana. Wakati nchi yetu ilipovamiwa alikuwa askari wa mawasiliano, amefichwa katika nyumba moja na redio ya betri, na wakubwa wake walikuwa wakimwita kila mara kumwuliza kama anasikia. Anasikia. Wakaita tena. Siku alipokuwa na jambo la maana la kuwaambia, redio ilikuwa imekwisha. Hasemi jambo lenyewe lilikuwa nini, nami nimechoka kumdadisi.

Na mwenyewe anaishi hivyo hivyo. Hasemi mpaka liwepo la kusema. Akifika na gari lake kwenye mteremko wa daraja anatoa mguu kwenye mafuta kabisa, nasi tulio nyuma tunapiga honi. Wadha, mkewe, aliwahi kumwambia mke wangu, "Mume wangu nikitaka anijibu lazima nitikise kigingi." Nashmi aliposimuliwa alisema tu kwamba akiba haiozi.

Mtu mmoja duniani ndiye aliyeweza kumwamsha wakati wowote, naye ni kaka yake mkubwa, Fujhan. Baba yao alikufa Nashmi akiwa mdogo, Fujhan akaacha shule na kumlea. Akimwita, Nashmi anakwenda. Akisema jambo, Nashmi anasema "sawa, kaka." Sijawahi kusikia vinginevyo, na nimewajua tangu ndevu zetu zikiwa nyeusi.

Fujhan alipofiwa na mkewe alilala. Sisemi kwa mafumbo. Alipanda kitandani baada ya siku za matanga, akageukia ukuta, na akakaa hivyo. Binti yake, Mudhi, alikuwa akimlisha kwa kubembeleza. Madaktari walikuja wakaondoka, shehe alikuja akaondoka. Ndipo Nashmi akasafiri mpaka Rafha, akarudi na kozi jike aliyenaswa karibuni, mkali, asiyejua watu, na akamwacha juu ya kigingi kando ya kitanda cha kaka yake. Hakuacha hata neno. Kozi wa namna hiyo haachwi peke yake; lazima abebwe mkononi, alishwe kwa mkono ule ule, azoeshwe sauti ile ile, la sivyo anajipiga mbawa mpaka afe. Ndege alipiga kelele asubuhi yote. Alasiri Fujhan aliinuka akamtafutia nyama.

Ndege huyo ndiye Jawza. Kwa ajili yake Fujhan alianza kunyoa, akaanza kutoka, na majira ya baridi yalipokuja akapiga hema lake jangwani upande wa Salmi kama zamani na kukaribisha watu. Nilimsifu Nashmi kwa ujanja wake. Alinijibu, "Usinisifu. Ndege huyo akipotea, kaka yangu anarudi kitandani, na safari hii hatoki." Kwa hiyo kidude cha Jawza alikitengeneza kwa kukilaza kuliko vyote.

Lakini hema la Fujhan lina desturi zake. Mgeni akiingia hapewi kahawa iliyobaki kwa waliomtangulia. Anapikiwa mpya, hata kama dele ya kahawa iliyopo motoni bado inafuka moshi, na habari vilevile haambiwi iliyolala. Sasa Fujhan alikuwa ameweka runinga kubwa hemani, inayoendeshwa na jenereta, na juu yake ramani yenye nukta nyekundu ambayo ndiyo Jawza. Jawza mwenyewe alikuwa hapo hapo, juu ya kigingi, kofia kichwani, ukinyoosha mkono unamgusa. Hata hivyo kila mgeni alitaka aonyeshwe nukta. Ikitua juu ya hema lenyewe, wanaume wazima wanashangilia kama watoto walioona mwezi wa Idi.

Mgeni wa kwanza aliyeonyeshwa nukta ya asubuhi alikuwa Sayyaf, jirani yake wa kambini, mtu mwenye mdomo.

"Baba Mudhi, nukta hii imechacha! Mgeni anapewa habari ya asubuhi?"

Fujhan alibonyeza simu. Nukta haikubadilika, kidude kilikuwa kimelala. Uso ulimwiva. Alimwita Nashmi mbele ya watu.

"Nataka nikikiuliza kinijibu. Saa ile ile."

"Kaka, kikikaa macho..."

"Nimekuuliza sababu? Wageni wangu wanakula makombo. Kitengeneze kinijibu."

Nashmi alikuwa na hoja zote, nilizijua, nilishazisikia ukutani. Lakini mdogo hambishii mkubwa wake hemani mwake mbele ya wageni wake. "Sawa, kaka," alisema. Akakitengeneza. Alimwomba mambo mawili tu, kwamba kila usiku akichaji kwa waya, na asimrushe ndege siku ya wageni wengi. Fujhan alisema ndiyo ndiyo, kama mtu anavyomwambia mtoto.

Ijumaa moja wageni walikuja tangu asubuhi. Mgeni njoo mwenyeji apone, wanasema. Fujhan alipona kweli, alikuwa na rangi usoni, aliwapa machbusi, wali uliopikwa kwa nyama ya kondoo, kahawa mpya kwa kila anayeingia, nukta mpya kwa kila anayeingia. Baada ya sala ya alasiri damu ikamchemka. Alimtoa Jawza wamwone akiruka. Tandawala mmoja, ndege mkubwa wa jangwani, aliinuka mbali, Jawza akamfuata, vumbi likapanda, na wote wawili wakapotelea humo.

Tulipigiwa simu sokoni. Nashmi aliendesha kasi ambayo sijaiona kwake kabla wala baada. Tulipofika, magari yalikuwa yakizunguka jangwani bila mpango, na hemani watu wamesimama mbele ya runinga. Nukta ilikuwa magharibi, imesimama kidogo, ikaruka mbele, ikasimama.

"Nani anabonyeza?" Nashmi aliuliza.

"Sisi sote," alisema Sayyaf. "Kuuliza si ujinga, bwana."

"Hapa ni ujinga. Wekeni simu chini."

Alitazama simu yake, ile inayoonyesha betri. Mimi nilichungulia begani. Mstari ulikuwa umebaki uzi.

"Kaka," alisema, "hakina nguvu tena ya kutafuta satelaiti. Tukikilazimisha kitazimika katikati na hakitatuma kitu. Amri bado kinaweza kuipokea. Nakilaza. Kesho jua likipanda, kibamba kitapata chochote, na kitatupa mahali alipo. Mara moja tu."

"Kesho?" Fujhan alikuwa ameshika glavu yake kifuani. "Alale nje? Huko kuna bundi wakubwa. Kuna mbweha. Kiulize sasa, nimfuate sasa!"

"Anaruka bado. Ukifika alipo, hayupo."

"Hujui! Umesema mwenyewe hakina nguvu, hujui kwa hakika. Labda kinaweza!"

"Labda," Nashmi alikubali. "Nami sitaki kubahatisha."

"Kiulize, Nashmi."

"Hapana, kaka."

Mpika kahawa aliacha kutwanga iliki. Sayyaf ndiye aliyejitia kuokoa hali, akaiharibu. "Asiyesikia la mkuu huvunjika guu," alisema.

Fujhan hakumtazama Sayyaf. "Mimi nilikulea."

"Ulinilea."

"Na leo unaniambia hapana mbele ya watu."

"Ndiyo."

"Toka hemani mwangu."

Nashmi aliandika amri pale pale, akaituma, akangoja mpaka kidude kijibu kwamba kimepokea. Kwenye runinga nukta nyekundu ikawa ya kijivu. Mtu mmoja aliguta kama ameona maiti. Kisha Nashmi akavaa viatu vyake mlangoni, taratibu, mtu wa umri wake anafukuzwa kama mtoto aliyeiba sukari, na akatoka. Nilimfuata mpaka garini. Niliona aibu kwa niaba ya wote waliokuwa mle, na hasira pia, na sikujua hasira hiyo niielekeze kwa nani.

Asubuhi alifungua duka kama kawaida. Simu aliiweka katikati ya meza, juu ya kitambaa, na hakuigusa. Hewa ilikuwa na ukungu wa vumbi, jua limepauka. Mudhi alipiga simu, na sauti yake niliisikia hata mimi niliyekuwa mlangoni.

"Ami, baba amerudi mjini tangu jana usiku. Amelala. Amegeukia ukuta. Kahawa hajaionja."

"Nitakuja, mwanangu."

"Lini?"

"Nikiwa na la kumwambia."

Nilimwambia huo ni ukatili. Nilimwambia aende hata mikono mitupu, akae kando ya kaka yake.

"Na nikifika nimwambie nini? Samahani? Haitamwinua. Ulishaona samahani ikimwinua?"

"Na kidude kisipoamka?"

"Basi nimempoteza ndege na kaka, vyote kwa neno moja."

Aliyasema kwa sauti ile ile anayotumia kumtajia mteja bei. Tukakaa. Nilijifanya nashona kofia. Ukungu ulinyanyuka kidogo, jua likang'aa barabarani, na simu ikalia mlio mfupi. Nashmi aliiinamia. Ilionyesha mahali pamoja tu, kusini magharibi, kwenye mabirika ya kunyweshea kondoo kando ya njia ya Shigaya. Chini yake mstari wa betri ulikuwa mtupu. Kidude kilisema kilichokuwa nacho, kikazimika moja kwa moja.

Nyumbani kwa Fujhan chumba kilikuwa kimefungwa mapazia. Alilala kama Mudhi alivyosema, blanketi mpaka sikioni. Mimi nilibaki mlangoni.

"Yuko Shigaya, kwenye mabirika," Nashmi alisema. "Ni habari ya sasa hivi, na hakuna nyingine nyuma yake."

Fujhan alivuta blanketi juu ya kichwa.

"Kaka."

"Nenda wewe," alisema Fujhan kwa ukuta. "Si wewe ndiye mwenye akili?"

"Mimi hanijui. Nikimwita atanikimbia. Sauti anayoijua ni yako tu."

"Umeniambia hapana. Mbele ya Sayyaf!"

"Nimekwambia."

"Hata hujutii."

"Nitakwambia tena ikibidi. Ukitaka kunipiga, nipige garini. Amka."

Nilidhani atamrushia bilauri. Akakaa kitako polepole, akautafuta mguu wa suruali, hakuupata, na Nashmi akapiga magoti akamsaidia. Hawakutazamana.

Kule kwenye mabirika tulikuta manyoya ya njiwa yametapakaa juu ya ukingo, na kinyesi cheupe cha kozi bado kibichi. Alikuwa amekula vizuri. Kozi aliyeshiba hana haja na mtu, kila mtu wa soko letu analijua hilo. Fujhan alivaa glavu, akazungusha chambo chake cha manyoya juu ya kichwa na kumwita kwa ile sauti yake ndefu, akapanda kila kilima, akamwita, akashuka, akamwita. Nashmi alimfuata nyuma na chupa ya maji. Jua lilipozama Fujhan alikuwa amekauka sauti kabisa. Tulirudi mjini bila ndege, na njia nzima nilimtazama Nashmi kwenye kioo akimtazama kaka yake, ambaye alikuwa amefumba macho. Tulipomshusha, Fujhan aliingia ndani bila kuaga. Nashmi alizima injini na kukaa pale nje kwa muda mrefu.

Niseme kabisa usikae ukingoja: Jawza hakuonekana tena. Yuko mtu aliyesema amemwona akiuzwa upande wa pili wa mpaka. Na watu wa soko husema mengi.

Kesho yake, baada ya siku ile ya mabirika, niliwahi kufika dukani. Mbele ya duka la Nashmi alisimama mtu akipiga mlango wa chuma kwa ngumi, soko zima lisikie. Alikuwa Fujhan. Amenyoa, akajikata kidevu. Amevaa buti za jangwani na glavu mkononi, na sauti yake ilikuwa bado haijarudi, ilitoka kama inakwaruza.

"Yuko wapi mdogo wangu? Watu wenye kazi wameshafungua, yeye bado?"

"Anakuja," nilimwambia. "Unamtakia nini?"

"Upande wa kusini wa yale mabirika hatujautazama."

Nashmi alitokea kona ya soko na mikate chini ya kwapa. Alipomwona kaka yake alisimama katikati ya njia, mpaka mwenye mkokoteni akamtukana.

"Kaka," alisema, "kile kidude kimekwisha. Hakitatuambia kitu tena."

"Nani kakuuliza habari za kidude? Nimekuja kukuchukua wewe. Ingia garini, jua linapanda."

"Sawa, kaka. Acha kwanza nifungue, niweke mikate."

Alituelekezea mgongo, akainamia kufuli na kutafuta ufunguo. Ulikuwa mkononi mwake, niliuona. Alikaa vile vile ameinama, mabega yanamtikisika, na Fujhan akaja akasimama nyuma yake, akamkinga watu wasimwone.